Ekseli Kutoka Nakuru

Msambweni,
14 Oktoba 1956

Kwa mpwa wangu Waziri,

Salamu zikufikie huko kwenye baridi. Sisi hapa tu wazima kwa uwezo wa Mola. Mama yako Mwanapili ni mzima ila lile goti lake la kulia, na anakusalimu kuliko sote. Amesimama mlangoni hapa ahakikishe neno hilo limetangulia mengine. Anayeandika hasa ni binti yangu Mwanaima, kwa sababu mkono wangu umeingia ganzi, na hati yake ni nzuri kuliko yangu. Yeye naye amepata mchumba, kijana mvuvi wa Bodo, mpole, mchache wa maneno. Arusi tunaiweka Shaabani, kabla ya mwezi mtukufu.

Sasa nikwambie lililonifanya nikuandikie. Lori limekatika ekseli ya nyuma. Tulikuwa tunatoka Shimoni na samaki, tumekaribia daraja la Ramisi, mara tukasikia kishindo chini kama mtu amevunja kuni. Injini inanguruma, lori haliendi. Gurudumu lenyewe halikutikisika. Tulikaa pale mchana kutwa tukiwanusa samaki wetu, na mwanangu Abdurahman, ambaye ndiye dereva siku hizi, akilaumu kila kitu isipokuwa mguu wake mzito. Alipofungua akaniambia kwamba hata meno ya gia za nyuma yamelika. Mombasa tumetafuta mwezi mzima. Lori unalijua, la tani moja, la tangu vita, na vyuma vyake havipo dukani tena.

Wewe ni fundi kwenye gereji kubwa, na huko bara mashamba yamejaa malori mabovu. Nitafutie ekseli nzima ya nyuma, kasha lake, gia zake na kila kilichomo, ya lori kama hili letu. Nasema letu makusudi. Unaijua ada yetu sisi Wadigo: mali ya mjomba huenda kwa mpwa, na nimekwisha waambia wazee kwamba nikifa lori hili ni lako. Abdurahman alikuwapo, akasikia. 

Ukiipata, njoo nayo uifunge mwenyewe. Kanuni yangu unaijua, niliitoa jeshini: fundi aliyefunga ekseli ndiye hupanda safari ya kwanza yenye mzigo kamili, tena hukaa juu ya gurudumu alilolifunga. Hapo ndipo fundi hukaza nati zake zote.

Mjomba wako,
Chirau


Nakuru,
2 Novemba 1956

Kwa mjomba wangu mpendwa na mheshimiwa, Mzee Chirau, shikamoo.

Ama baada ya kukuamkia kwa adabu zote, na kukuombea kwa Mwenyezi Mungu afya, umri na baraka, nakuarifu kwamba barua yako tukufu imenifikia nikiwa katikati ya kazi nyingi. Hapa gereji tajiri wangu hamwachii mtu mwingine gari lolote zito. Juzi alikuja mzungu wa Njoro na trekta lake, mafundi wote wamesimama, akasema, niitieni yule Waziri wa pwani. Mama mwambie asiwe na wasiwasi juu yangu. Mwanaima mpe hongera, na huyo mvuvi mwambie awe mchache wa maneno lakini asiwe mchache wa samaki.

Ekseli nimeipata. Imetoka kwenye gari lililopinduka huko Molo, na waliolitengeneza ndio hao hao waliotengeneza lori lako. Gia zake hazijalika hata jino moja. Nimeiosha kwa mafuta ya taa kwa mikono yangu hii mpaka inang'aa. Matundu ya springi yametobolewa upya, yakae panapotakiwa. Imeondoka jana kwa treni, na risiti ya kuichukulia stesheni ya Mombasa iko ndani ya bahasha hii.

Kuja mwenyewe ndiko kusikowezekana, mjomba. Tajiri hanipi ruhusa hata ya siku moja. Lakini nakuomba jambo moja: ikifika, itazame mwenyewe kabla haijafungwa. Itazame sana. Wewe ulikuwa fundi wa jeshi, na macho yako hayapitwi na kitu. Ukiona haikufai, usione haya, iache pale pale chini, nami nitatafuta nyingine.

Mpwa wako mtiifu,
Waziri


Msambweni,
9 Desemba 1956

Kwa mpwa wangu Waziri,

Salamu. Sote wazima. Mama yako anakusalimu, na goti limepungua kuuma tangu ekseli yako ilipofika, jambo ambalo hakuna tabibu anayeweza kulieleza. Siku hizi akienda sokoni hupita njia ndefu ili aulizwe habari zako.

Ekseli ilivuka feri ya Likoni salama, ikaletwa hapa kwa basi. Watu wakaja kuitazama kama wamekuja kumwona bi arusi. Nilisimama mikono nyuma, nikaitazama kama ulivyotaka, nikasema mbele yao wote: njema. Abdurahman akaifunga. Alipofika mwisho akaniuliza mbona katikati ya gurudumu ni bapa, na lile la zamani lilikuwa limetokeza kama kikombe. Nikamwambia wazungu hubadilisha mambo kila mwaka, funga. Kijana huyu ana maswali mengi kuliko spana.

Basi sasa sikiliza. Lori limepata mbio ambazo halikuwa nazo hata nilipolinunua. Samaki wa Shimoni wanafika Likoni macho yao bado yanang'aa. Kwenye mchanga na kwenye vilima ndipo linapochoka, injini inalia na Abdurahman hana budi kurudi gia ya chini kabisa, lakini kwenye tambarare hata motokaa ya Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, haitupiti. Watu wananiuliza nimefanyaje. Nawajibu, mimi sikufanya kitu, ni mpwa wangu, fundi wa Nakuru. Nimelisema hilo mpaka Mwanaima ananicheka.

Kwa kuwa hukuja, safari ya kwanza nilipanda mimi juu ya gurudumu la kushoto, kwa niaba yako. Magunia kumi na nane ya nazi, na mimi juu yake. Tulifika.

Mjomba wako mwenye furaha,
Chirau


Nakuru,
30 Desemba 1956

Kwa mjomba wangu Mzee Chirau, shikamoo.

Barua yako nimeipata, nami nashukuru Mungu kwa uzima wenu. Mama nimemtumia dawa ya kuchua goti, ajipake asubuhi na jioni.

Mjomba, ekseli uliitazama kwa karibu, au ulisimama mbali? Nauliza tu. Na lile swali la Abdurahman kuhusu gurudumu, uliinama ukakiona alichokuwa anakuonyesha?

Chuma kilichokaa muda mrefu bila kazi huhitaji kuzoezwa. Kwa hiyo nashauri, kwa miezi hii ya mwanzo, msipakie zaidi ya magunia sita. Na watu wasipande nyuma. Mbio pia zipunguzwe. Si kwamba kuna jambo, ni utaratibu wa kawaida wa mafundi wa huku. Abdurahman usimwambie kwamba nimeuliza.

Nitafurahi nikijibiwa upesi.

Waziri


Msambweni,
27 Januari 1957

Kwa mpwa wangu Waziri,

Salamu. Mama yako mzima, anakusalimu, dawa imefika na anasema inanuka kuliko papa mkavu, lakini anajipaka.

Barua yako nilisomewa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani Mwanaima amekosea. Magunia sita? Hata mkokoteni wa Mramba, unaovutwa na punda mwenye jicho moja, hubeba zaidi. Unaniuliza mimi kama nimetazama. Mwenye macho haambiwi tazama, Waziri. Nilikuwa nikizifungua ekseli za jeshi kule Abisinia wewe hujajua kushika kijiko.

Na nikwambie wazi, maana kukuficha siwezi. Wapo hapa wanaosema kwamba unalionea lori huruma kwa kuwa tangu sasa unalihesabu ni lako, nami bado napumua. Mimi sikuwajibu. Usinifanye niwape jibu.

Kama wewe ni fundi, nieleze mambo ya kifundi. Gurudumu la kushoto linatoka mafuta kwa ndani. Tumelipangusa, yanarudi. Abdurahman anasema pia kuna sauti kule nyuma, lori linaimba, na likipakiwa sana wimbo hugeuka ukawa mguno. Akishika katikati ya gurudumu baada ya safari, anasema pana moto. Mimi nimemwambia ni mafuta tu. Je, nitafute ngozi ya aina gani ya kuyazuia?

Arusi ya Mwanaima ni Alhamisi, tarehe 21 Machi. Lori ndilo litakalowapeleka wanawake Bodo, wapatao thelathini, na bi arusi akae mbele na shangazi mmoja. Mama yako hakubali kukaa mbele, kwa kuwa yeye ndiye mwanzishaji wa nyimbo. Atakaa nyuma, upande wa kushoto, kwenye kivuli.

Jibu.

Chirau

Kaka Waziri, haya ya chini ni yangu mimi Mwanaima. Baba amekwenda msikitini. Baba haoni. Jicho moja lilikwenda mwaka juzi, la pili limemalizikia Ramadhani iliyopita. Hataki ijulikane. Msikitini anakwenda kwa kuhesabu hatua. Mkono wake hauna ganzi yoyote. Siku ya ekseli alisimama mikono nyuma kwa sababu angeinama kuipapasa watu wangejua. Hakuiona, kaka. Abdurahman analijua hilo na anajifanya halijui, ndiyo maana hakubishana naye mbele za watu. Umeuliza kama baba aliitazama, ukauliza tena, nikaona lazima una sababu. Kama ipo, iseme. Atakayeisoma ni mimi.


SIMU
Imepigwa Nakuru, 9 Machi 1957

LORI LISIPAKIE WATU. WAZIRI


Msambweni,
12 Machi 1957

Waziri,

Salamu. Simu yako ililetwa na tarishi wa posta kwa baiskeli, na kila aliyemwona akadhani kuna msiba. Mama yako alikaa chini uani, mgongo ukutani, mpaka iliposomwa. Ilipokwisha kusomwa akauliza, ndiyo yote? Nikamwambia ndiyo yote.

Wiki sita sipati barua yako. Nimekuuliza habari ya mafuta, hukujibu. Nimekuuliza habari ya sauti, hukujibu. Halafu unanitumia maneno matatu ya amri, kama mtu anayemwamrisha kuli wake. Kwa nini lisipakie? Hukusema. Abdurahman ameniuliza, "Baba, Waziri anajua nini?" Nikamwambia hajui kitu. Akaniacha, akaenda akalala chini ya lori na taa mchana kweupe.

Lori ni langu. Arusi ni ya binti yangu. Wanawake wamekwisha shona sare. Alhamisi ya wiki ijayo litapakia, litakwenda Bodo, litarudi. Kama kuna jambo, liseme lote. Kama ni wivu, umeze.

Mwanaima anaingia ndani keshokutwa, hatatoka mpaka siku yake. Hii ndiyo barua ya mwisho kuniandikia. Mama yako anakusalimu. Anauliza kama unaumwa.

Chirau


Nakuru,
Jumapili, 17 Machi 1957

Mjomba, shikamoo.

Leo sina salamu ndefu. Mtakaoisoma barua hii, mzee asomewe yote, msiruke.

Ekseli ile si ya lori. Ni ya motokaa, motokaa ndogo ya abiria. Waliozitengeneza ni wamoja, vyuma vya nyuma vinashabihiana, na ukitoboa matundu mengine ya springi inakaa. Ndiyo maana mnapata mbio. Gia zake ni za motokaa. Ndiyo maana lori linalia kwenye vilima.

Lakini mbio si kitu. Nisikilize hapa. Katika lori, uzito wote hubebwa na kasha la nje. Chuma cha ndani kazi yake ni kuzungusha gurudumu tu. Kikikatika, lori husimama na gurudumu hubaki mahali pake, kama lilivyobaki pale Ramisi. Katika motokaa, chuma hicho hicho cha ndani ndicho kinachozungusha na ndicho kinachobeba. Kikikatika, gurudumu huchomoka nacho. Kile kikombe ambacho Abdurahman alikiulizia ndicho dalili ya ekseli ya lori. Aliuliza swali la haki. Mafuta ya kushoto, mguno na moto maana yake chuma kimeelemewa. Wanawake thelathini ni wazito kuliko magunia yenu ya nazi, na huo upande wa kushoto ndio atakaokaa mama.

Nililijua hili tangu siku ya kwanza. Hapa kuna fundi mmoja, Garama, mtu wa Malindi. Alinisaidia kuitoa ile ekseli, na akaniambia kwa kinywa chake: kwa kuku na mboga sawa, kwa mizigo hapana. Nikaituma.

Niliituma kwa sababu ekseli ya lori hata moja sikupewa. Mtu hampi ekseli ya lori mwosha vyuma. Ndiyo kazi yangu, mjomba. Miaka minne sasa naosha vyuma kwa mafuta ya taa, wengine wanafunga. Yule mzungu wa Njoro aliniita ili nimshikie mbwa wake. Gari la Molo lilikuwa takataka nyuma ya gereji, tajiri akanipa ekseli kwa kufanya kazi Jumapili tatu. Nilishindwa kukuandikia kwamba sina. Nikasema moyoni, mjomba ataitazama, ataikataa, nami nitakuwa nimetuma kitu na sikumdhuru mtu. Nilikuwa natumainia macho yako. Sasa najua kwamba hukuiona. Usiulize nimejuaje.

Barua yako ya Januari ilikaa gereji wiki tano, mimi nikiwa Kitale na tajiri. Siku niliyoisoma nikakimbia kupiga simu, na hata hapo nikaogopa, nikaandika maneno matatu nikidhani yatatosha. Leo posta imefungwa. Kesho nitapiga tena. Barua hii anaichukua Kavumbi, anayefanya kazi ya reli, anaondoka na treni ya jioni na ameapa kukupa mkononi kabla ya Alhamisi. Ningeweza kupanda treni hiyo mwenyewe. Sipandi kwa sababu naogopa kukutana na uso wa mama.

Naogopa na jingine. Abdurahman akifa kwenye lori hilo, hakuna mtu Kwale nzima atakayeamini kwamba sikulitaka. Hata mimi mwenyewe sijui nitajiaminije.

Aphu, mjomba wangu, washushe.

Waziri


Msambweni,
7 Aprili 1957

Waziri,

Tuko wazima, wote thelathini na zaidi. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ulilokuwa ukilingojea. Nimekuacha ungoje wiki mbili na zaidi makusudi, na sikuombi radhi. Ramadhani imeingia, tunafunga. Anayeandika ni Abdurahman. Nimemwambia aandike ninavyosema, hata pale asipopapenda.

Simu yako ya pili ililetwa Jumanne. Nikaitia mfukoni. Barua yako Kavumbi alinipa Jumatano baada ya alasiri, nikaitia mfuko ule ule. Msomaji wangu alikuwa ndani, na mtu mwingine sikutaka anisomee, kwa sababu ambayo sasa unaijua wewe na mji mzima.

Alhamisi wanawake wakapanda. Ngoma zimeanza, Abdurahman yuko kwenye usukani. Mimi nikaenda mlangoni kumwambia Mwanaima atoke. Akaniuliza, "Baba, kaka Waziri hajajibu?" Nikasema kuna karatasi mfukoni. "Nipe." Nikamwambia ana hina mikononi. "Nipe, baba." Akasoma. Alipofika penye neno motokaa akalirudia. Nikamwambia endelea. Akaisoma yote mpaka mwisho, na wanawake waliokuwa wakimpamba wakasikia kila neno.

Kutoka mlango ule mpaka lilipokuwa lori ni hatua arubaini na moja. Nilizihesabu. Nikapiga magoti mchangani na kanzu yangu ya arusi, nikaweka kiganja katikati ya gurudumu la kushoto. Ni bapa kama sinia. Miezi mitatu na nusu mkono wangu uliikwepa kazi hiyo, nayo ni ya kuhesabu mpaka tano tu.

Nikasema, shukeni. Wakacheka. Mama yako akasema, "Kaka, wimbo umekwisha anza." Nikamwambia, "Mwanapili, shuka. Lori hili limekatika." "Limekatika wapi, nasi tumekaa juu yake?" Nikanyosha mkono nimshike nimteremshe. Nikashika hewa. Nikanyosha tena, nikashika hewa. Hapo ndipo ngoma ziliponyamaza, nikajua kwamba wameniona.

Akashuka mwenyewe. Wakashuka wote. Walikwenda Bodo kwa miguu na bi arusi wao katikati, kwenye mchanga ule, na mama yako na goti lile akianzisha nyimbo mpaka walipofika karibu na magharibi. Wanasema hakukosea hata ubeti mmoja. Tangu siku hiyo jina lako hajalitaja.

Kesho yake Abdurahman alikichomoa chuma cha ndani. Akakishika kidole changu akakipitisha kwenye ufa. Umekizunguka chuma pande zote, isipokuwa mahali panapotosha ukucha wa gumba. Anasema ndani ya ufa mna kutu, maana yake ni wa siku nyingi. Safari hizo zote mwanangu aliendesha juu ya ukucha.

Nina hasira, Waziri, na sijui niigaweje. Mficha uchi hazai. Wewe uliificha kazi yako, mimi niliyaficha macho yangu, na kati ya siri hizo mbili tukawapakia watoto wa watu. Kuosha vyuma si aibu. Jeshini niliosha miaka miwili kabla sijapewa spana. Ungeniambia hivyo ningewaambia watu hivyo hivyo, mpwa wangu anaosha vyuma Nakuru, na mama yako angepita njia ile ile ndefu ya sokoni.

Wazee nimewaita tena. Nimewaambia lori ni la Abdurahman. Wamenung'unika sana habari ya ada. Nikawauliza siku ile ada ilikuwa imekaa wapi ndani ya lori, mbele au nyuma? Abdurahman hapa ameacha kuandika, anasema hilo nisiliweke. Liandike.

Ekseli ya lori imepatikana Tanga, ameifuata mwenyewe. Iko uani juu ya magunia, nimeipapasa yote, nati kwa nati, mbele za watu. Ina kikombe. Haijafungwa, na hakuna mtu hapa atakayeifunga. Ramadhani ikiisha, njoo. Utaifunga wewe, mkono wangu ukiwa juu ya mkono wako. Kisha tutakwenda Shimoni, tutapakia mzigo kamili, na utakaa mahali pako juu ya gurudumu la kushoto. Kanuni sijaibadilisha.

Chirau

Waziri, hapa ni mimi Abdurahman. Baba amekwenda msikitini, siku hizi anakubali kushikwa mkono mpaka kwenye ngazi. Shangazi Mwanapili amekaa hapa kando yangu na mguu wake juu ya kigoda, goti bado limevimba. Nimemwuliza mara tatu nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Hakutoa. Ila anasema safari hiyo ya kwanza naye atapanda, na atakaa kando yako juu ya gurudumu hilo hilo, kwa hiyo ukaze nati.